Sanduku la Sukari

Siku Bosi alipokunywa mafuta ya taa, sukari ya nyumba ile ilikuwa salama kabisa. Ilikuwa ndani ya sanduku la chuma la rangi ya buluu, limepigiliwa ukutani mahali ambapo hakuna mtoto ambaye angeweza kufika, limefungwa kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la nguo ya bibi yake, ambaye hata usingizini aliulalia upande ule. Mwizi wa sukari ile angelazimika kwanza kumbeba bibi. Mafuta ya taa yalikuwa chini ya cherehani, ndani ya chupa ya soda, na kifuniko chake kilikuwa kipande cha gazeti kilichosokotwa.

Bosi alikuwa msichana wa umri wa kutembea na kuamrisha. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu alikuwa akisimama mlangoni, mikono nyuma, na kuwauliza watu wazima wanakokwenda. Mama yake, fundi wa nguo za kike, alikuwa amepiga magoti akimpima mteja kiuno. Aliposikia kikohozi hakugeuka. Kikohozi kilichofuata kilikuwa na sauti ya kitu kinachochanika, na hapo akageuka akaona chupa imelala chali, gazeti limeloa, na midomo ya mtoto inang'aa.

"Baba Bosi!"

Bahati, au tuseme mkosi, baba yake alikuwa nyumbani amekuja kula. Gari jeupe la mradi wa hospitali lilikuwa nje. Yeye ndiye dereva wake, na mtaani hakuna aliyemwita dereva. Walimwita "Profesa". Mradi ulikuwa unachunguza jinsi ya kuwakinga watoto na sumu za majumbani: mafuta ya taa, dawa za panya, vidonge vya wakubwa. Kila mara akina mama walipofundishwa, yeye alikaa nyuma ya darasa akingoja kuwarudisha wataalamu, na jioni aliyamwaga yote kwenye benchi la kinyozi, na mengine ya kwake kidogo juu. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amebakiza koti jeupe tu.

Profesa alimnyakua mtoto, akamwinamisha, akamtia kidole kooni.

"Maziwa! Mama, lete maziwa!"

Bibi, mama yake Profesa, alisimama katikati ya chumba. "Mwanangu, si wewe uliyesema maziwa hapana? Ulisema asitapishwe, yatamwingia kifuani..."

"Lete maziwa, mama! Huu ni wakati wa kubishana?"

Bibi akaleta maziwa. Bosi akanywa, akatapika, akavuta pumzi katikati ya kutapika, na kikohozi kikabadilika kikawa kitu kingine, kidogo, cha haraka haraka, kama mbwa anayehema kwenye jua. Hapo ndipo wakakimbilia garini. Mteja naye alikimbia nao mpaka mlangoni mwa gari, futi ya kupimia bado imemzunguka kiuno, akipiga kelele kana kwamba yeye ndiye aliyekunywa.

Njiani Profesa aliendesha huku honi ikilia. Ndani ya gari kulinuka mafuta, na kila mara mtoto alipokohoa yeye aliyasikia masomo yote ya nyuma ya darasa, moja baada ya jingine, kwa sauti yake mwenyewe.

*

Wodini Bosi aliwekewa mrija wa oksijeni puani. Mbavu zake zilizama na kutokea. Mama yake alikaa kitandani amemshika mguu, maana mikono ilikuwa na sindano.

Daktari aliyeongoza mradi alimpima kifua mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye kutembea kama anayechelewa mahali. "Mafuta yameingia kwenye mapafu," alisema. "Leo na kesho ndizo zitakazotuambia. Kaka, pole sana. Ingekuwa mtu mwingine ningesema hakuelimishwa. Lakini wewe!" Akamgusa bega, akaondoka. Alisema vile kwa huruma. Profesa alibaki ameinamisha kichwa kama aliyepigwa kofi.

Baadaye kidogo akaja dada mhoji, na kishikwambi chake kifuani. Kila mtoto aliyeletwa kwa sababu ya sumu, wazazi wake waliulizwa maswali na mradi. Huyu dada Profesa alikuwa akimbeba kila siku kwenye gari. Alijua anapenda redio ya sauti ya chini na anaogopa mbuzi.

"Kaka, samahani," alisema, uso wake umeelekea sakafuni. "Unajua lazima niulize."

"Uliza, dada. Kazi ni kazi."

"Mafuta yalikuwa kwenye chombo gani?"

"Chupa," Profesa alisema. "Ya soda," akaongeza kwa sauti iliyoishia ndani ya shati.

Mama mmoja wa kitanda cha pili aligeuka kusikiliza vizuri.

"Sanduku la mradi la kufungia sumu mnalo?"

"Tunalo."

"Linatumika?"

"Linatumika," alisema Profesa.

"Kila siku, mwanangu," bibi alimsaidia. "Asubuhi na jioni."

Fundi alimtazama mumewe. Profesa alikuwa akitazama tangi la oksijeni kama mtu anayesoma maandishi yake.

"Kwa hiyo leo mafuta yalisahaulika nje?"

"Yalisahaulika. Leo tu."

Dada akagusa kioo. "Na baada ya kunywa, mtoto alipewa kitu? Alitapishwa?"

Mashine ya kitanda cha jirani ilipiga mlio, ikanyamaza. Fundi alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia.

"Ni mimi," bibi alisema. "Mimi mzee nisiyejua kitu. Nilimpa maziwa. Nikamtia kidole."

Dada mhoji aliweka kishikwambi pembeni, akachuchumaa mbele ya bibi, akamshika mikono. Kwa utaratibu wa kazi, aliyekosea hufundishwa papo hapo. Alimfundisha kwa upole, kwa sauti inayosikika kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, maana wodi nzima ilikuwa imenyamaza ipate somo: mtoto akinywa mafuta usimtapishe, usimpe maziwa, mafuta yakipanda tena ndipo yanapopita njia ya hewa, mlete tu hospitali haraka. "Umeelewa, bibi? Hebu nirudishie."

"Nisimtapishe," bibi alirudisha kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nisimpe maziwa. Nimlete tu."

"Vizuri sana, bibi."

"Ahsante, mwalimu."

Profesa alisimama pale pale, urefu wake wote umekuwa mzigo. Alipotoka kwenda ukumbini, mkewe alimfuata.

"Umemwacha mama yako afundishwe mbele za watu."

"Mama Bosi, ningesema nini?"

"Ungesema 'mimi'. Ni neno fupi. Na sukari nayo ungeisema. Unamficha nani? Mtoto ndiye yule."

"Nitafukuzwa kazi."

"Basi ufukuzwe!" Sauti ilimponyoka, akaifunika kwa kiganja. Akarudi ndani bila kumtazama.

*

Mchana uliofuata kinyozi alikuja kumwona mgonjwa. Alileta machungwa, akala mawili mwenyewe akimngojea Profesa kwenye benchi la nje.

"Ana hali gani Bosi wetu?"

"Anahema. Wanasema afadhali kidogo."

"Atapona yule. Ataachaje kutuamrisha?" Kinyozi alifuta mikono kwenye suruali, akasogea karibu. "Sasa, Profesa. Wamekuuliza habari za sanduku?"

"Wameuliza."

"Ukasema?"

"Nimesema linatumika."

Kinyozi alishusha pumzi ndefu mpaka mtu wa benchi la pili akageuka. "Wewe ni mwanamume. Maana ukisema ya kwako, umesema ya mtaa mzima."

Na hilo lilikuwa kweli. Masanduku yale yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote kilichokuwamo katika nyumba zilizopewa, na ni nani angetia dawa ya panya ndani ya kitu kizuri hivyo? Kinyozi alifungia humo mashine yake mpya ya kunyolea. Mkewe alitaka kuweka vikombe vya harusi, wakanuniana wiki nzima. Mama wa mlango wa kijani alifungia mkate. Mzee wa mwisho wa mtaa alifungia meno yake ya bandia, akidai mkewe humwazima dada yake siku za harusi. Sumu zenyewe zilibaki zilipokuwa tangu zamani, chini ya vitanda na nyuma ya milango, pamoja na watoto.

Wataalamu walipokuja kukagua, hakuna sanduku lililoaibika, kwa sababu Profesa ndiye aliyejua gari litaelekea wapi. Alipiga simu fupi kuliko simu zote duniani: "Wageni kesho." Basi sukari ikatoka, mafuta yakaingia, meno yakatoka, dawa ya panya ikaingia. Wataalamu wakafungua, wakatabasamu, wakaondoka. Kabla vumbi la gari halijatua, sukari ilikuwa imerudi kwake.

"Tena usifikirie sana," kinyozi alisema, akisimama. "Ajali ni ajali. Hata hao wenye masanduku yao watoto wao huanguka ngazini. Wewe ukisema, mimi nitamwangaliaje yule dada mhoji? Mwaka jana alinipiga picha na sanduku! Nimetundika dukani!"

Profesa alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikamwacha na uchungu mdomoni, maana nyuma ya ukuta wa wodi alisikia mwanawe akikohoa.

*

Jioni daktari aliomba apelekwe nyumbani. Tangu mradi uanze, daktari alikuwa haketi nyuma. Alikaa mbele pamoja na dereva, akavua viatu, akaongea kama abiria wa kawaida. Siku ile alivua viatu lakini hakuongea. Walifika penye rundo la kokoto, ambapo barabara ilikuwa ikijengwa na magari yakipishana moja moja, ndipo aliposema:

"Nimeshindwa, kaka."

"Kushindwa nini, daktari?"

"Masanduku. Nyumba zote tulizotembelea zinayatumia. Zote! Sijaona watu waangalifu kama wa mtaa wenu, nimewaandikia wenzangu mpaka wa mbali wakanipongeza. Lakini wodi imejaa vile vile. Watoto wa nyumba zenye masanduku wanakuja sawa na wa nyumba zisizo nayo." Aliufungua mkono, akautazama. "Na sasa hata Bosi. Maana yake ni moja tu, masanduku hayasaidii. Wiki ijayo nakwenda wizarani kuwaambia hivyo. Walitaka kuyapeleka nchi nzima. Wataacha."

Mtu aliyeshika bendera ya kijani aliwapungia wapite. Profesa hakupita. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Kaka, tumeruhusiwa."

Aliliondoa gari barabarani, akalisimamisha kando ya kokoto.

"Daktari, masanduku hayana sumu."

"Sijakuelewa."

"Hayajawahi kuwa na sumu. La kwetu lina sukari. La kinyozi lina mashine. Kuna lenye mkate. Kuna lenye meno."

"Meno?"

"Ya mzee. Ya bandia."

Daktari alicheka. Alicheka kwa moyo wote, kama mtu aliyechoka anapopewa kitu cha kuchekea, akampiga dereva wake begani. "Kaka, wewe nawe! Si tulifungua wenyewe tukaona?"

"Mliona kwa sababu niliwapigia simu wenye nyumba."

Kicheko kilibaki usoni kwake muda kidogo baada ya kuisha, kikikosa pa kwenda.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza kukaguliwa. Niliona haya mkute sukari. Watu wangesema hata dereva wa mradi! Nikampigia mama. Mke wa kinyozi akasikia, akaniomba na yeye nimwambie. Halafu na mwingine." Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa likienda popote. "Daktari, sitakudanganya, ilikuwa tamu. Mtaa mzima unangoja simu yako. Nani aliwahi kungoja simu yangu?"

Daktari alitazama nje kwenye kokoto. Aibu ilikuwa imempanda na yeye, akajaribu kuigeuza iwe hasira, isigeuke. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiinama na kuchungulia ndani ya masanduku yale, akiwasifia kina mama kwa usafi. "Hayakuwa yananuka," alisema polepole. "Chombo kinachokaa na mafuta ya taa kinanuka, hata ukikiosha. Nilitia kichwa changu mle ndani nyumba baada ya nyumba. Sikujiuliza. Nilipenda nilichokiona."

Profesa aliona bora amalize yote. "Na mama yangu hakumtapisha mtoto. Ni mimi. Yeye alinikumbusha ulivyofundisha, mimi nikamfokea."

"Yule bibi? Aliyesimamishwa mbele ya wodi?"

"Hakusimamishwa. Alikuwa ameketi," Profesa alisema, na papo hapo akaona upumbavu wa kusahihisha jambo kama lile.

Daktari alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, akafunga kamba. Alifungua mlango akashuka. Profesa alidhani anakwenda kutafuta gari jingine. Lakini alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akaketi huko, mkoba mapajani.

"Twende, dereva," alisema.

*

Hakumfukuza, au hakumfukuza bado. Alisema hilo lina siku yake. Wizarani alipeleka habari kwamba matokeo hayako tayari, na waliomuuliza sababu aliwaambia amekosea yeye. Asubuhi moja aliingia garini, nyuma, na dada mhoji pembeni yake, akasema waelekee mtaani kwa dereva.

"Leo?"

"Sasa hivi. Na hodi utapiga wewe. Wanakufahamu."

Kabla ya kuondoka, Profesa alipanda wodini. Mrija ulikuwa umeondolewa. Bosi alikuwa ameketi, amepungua, sauti imekwaruza, akimwamrisha nesi amletee kikombe kingine kwa kuwa kile hakipendi. Kifua kingechukua muda, walisema. Huenda kila baridi ingemkuta kabla ya wenzake. Bibi alikuwa akimlisha uji. Profesa alichuchumaa mbele ya mama yake, akataka kusema, na kabla hajasema mama akamwekea kijiko mkononi.

"Mlishe wewe kidogo," alisema. "Mimi nimechoka."

Akamlisha. Nesi, mama wa kitanda cha pili na kila aliyekuwamo walikuwa wamekwisha jua, kwa kuwa fundi alikuwa amewaambia mwenyewe, kwa sauti ile ile inayosikika kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Hakuna aliyemsemesha. Mkewe alimpangusa uji kwenye shati, kama mtu anayepangusa meza.

Mtaani alisimamisha gari mbele ya nyumba ya kinyozi, akapiga hodi. Mke wa kinyozi alifungua akiwa na mwiko mkononi.

"Shemeji! Bosi anaendeleaje?"

"Ametoka kwenye oksijeni. Anaamrisha manesi."

"Ashukuriwe Mungu! Ingia, ingi..." Ndipo akaona walio nyuma yake. Macho yake yalikwenda kwa daktari, yakaenda kwa kishikwambi, yakarudi kwa Profesa yakiwa yamejaa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na saa ya ukutani.

"Profesa," alinong'ona, ingawa wote walikuwa karibu kiasi cha kumsikia. "Mbona hukupiga simu?"

Daktari alitazama viatu vyake.

"Sikupiga, shemeji," Profesa alisema. "Naomba unionyeshe mafuta ya taa yanapokaa."

Hakumwonyesha. Alijitenga mlangoni tu, akampa njia, akageuza uso. Profesa aliingia katika chumba alichozoea kuingia akicheka, akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini, akapapasa ndala, boksi la viatu, gari la bati la mtoto, mpaka akaigusa. Alikuwa akiivuta chupa aliposikia, kwenye nyumba ya pili, simu inalia. Kisha nyumba ya tatu. Kisha ng'ambo ya barabara simu mbili kwa pamoja, miito tofauti tofauti, ikipokelewa upesi na kukatwa upesi. Halafu, kuteremka mtaa mzima, kwa mwendo wa watu waliozoea, kufuli zikaanza kufunguliwa.

Dada mhoji alisimama mlangoni, kichwa kimeinama upande, akisikiliza.

"Nani anawapigia?" daktari aliuliza.

Profesa alikuwa bado amepiga magoti, chupa mkononi.

"Wanapigiana wenyewe, daktari," alisema. "Hilo nimewafundisha mimi."